Mama na Simu, Sehemu ya 7: Mtoto mmoja, tarehe tatu

Tangu sehemu ya 6 kuna swali limejirudia kwenye komenti mpaka nikaona siwezi kulijibu kwa mistari miwili: "Nesi, kadi ya kliniki inasema tarehe hii, aplikesheni kwenye simu inasema ile, halafu imekuja meseji na tarehe nyingine kabisa. Nifuate ipi?"

Jibu fupi kwa wenye haraka, mtoto analia: fuata kadi na nesi aliyeiandika, na zile tarehe nyingine njoo nazo kliniki utuonyeshe. Jibu refu ndiyo post ya leo. Nitaingia kidogo kwenye mambo ya vijana wa kompyuta, lakini usikimbie, haya mambo yanagusa nauli yako na mtoto wako.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kanuni ya kuhesabu tarehe ya mtoto inatakiwa iandikwe mara moja, ikae mahali pamoja, na kila chombo kinachoongea na mama kiende kuiuliza pale. Kishikwambi cha nesi kiiulize, meseji iiulize, aplikesheni iiulize, kompyuta ya mapokezi iiulize. Sasa hivi sehemu nyingi kila chombo kimetengenezwa na watu wake, na kila watu wameandika kanuni yao humo ndani kwa namna walivyoielewa. Ndiyo maana unapata tarehe tatu.

Tuanze na mama kijacho, kwa sababu hapo ndipo utaona kwa macho.

Tuseme hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 1 Mei. Ukija kwangu na nikahesabu kwa mkono, natumia kanuni tuliyofundishwa chuoni, ya yule daktari Mjerumani wa karne ya 19, Franz Naegele: rudi nyuma miezi 3, ongeza siku 7. Tarehe 1 Mei ukirudi miezi 3 unapata 1 Februari, ongeza 7, tarehe ya matarajio ni 8 Februari. Safi.

Fungua aplikesheni ya kwanza. Hiyo haihesabu miezi, inahesabu siku 280 kamili kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Inakupa 5 Februari. Siku tatu tofauti, na hakuna aliyekosea hesabu! Miezi haina urefu sawa, ndiyo tu. Ungeona hedhi tarehe 1 Juni, njia zote mbili zingekupa 8 Machi, na wala usingejua kama zinatofautiana.

Fungua ya pili. Hiyo inauliza siku mimba ilipotungwa, kisha inaongeza siku 266. Wewe kwa haraka, au kwa sababu maandishi ni ya Kiingereza, unaweka tarehe ya hedhi. Inakupa 22 Januari.

Hizo siku tatu za mwanzo mimi sizigombei. Watoto wachache sana huzaliwa siku ileile iliyoandikwa, tarehe ya matarajio si tarehe ya harusi. Lakini 22 Januari na 8 Februari ni siku 17. Mama wa namna hiyo nawapokea, anakuja Februari 5 ametetemeka, anaamini amepitiliza wiki mbili, ndugu wamemwambia mtoto atachoka tumboni, anaomba aanzishiwe uchungu leo leo. Kumbe ndiyo kwanza anafika wiki 40. Kinyume chake nacho kipo na kinanitisha zaidi: mama aliyepitiliza kweli, simu inamwambia bado ana muda, anakaa nyumbani.

Na hapo sijaweka kipimo cha ultrasaundi. Ultrasaundi ya mapema inaweza kurekebisha tarehe, hasa kama huikumbuki hedhi vizuri. Daktari akirekebisha, kadi inaandikwa upya. Je, meseji zinajua? Aplikesheni inajua? Mara nyingi hazijui. Zinaendelea na tarehe ya zamani, zinakwambia uko wiki ya 30 na wewe uko ya 27.

Sasa turudi kwenye chanjo, maana huko ndiko ninakolia kila wiki.

Ratiba mnaijua: mtoto akizaliwa anapata BCG na matone ya polio, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua rubela miezi 9 na tena miezi 18. Inaonekana rahisi kuiweka kwenye simu: chukua tarehe ya kuzaliwa, ongeza wiki, tuma meseji. Na kuna mifumo imefanya hivyohivyo.

Lakini kanuni yenyewe ina mguu wa pili. Kati ya Penta moja na nyingine lazima zipite angalau wiki 4. Kwa hiyo mama aliyeenda msibani Singida na mtoto mchanga, akachelewa, mtoto akapata Penta ya kwanza akiwa na wiki 9, ya pili si wiki ya 10 tena. Ni wiki ya 13. Na ya tatu ni wiki ya 17. Meseji inayohesabu kutoka kuzaliwa tu itamwita wiki ya 10. Mama atapanda bodaboda, atafika saa mbili asubuhi, atapanga foleni mpaka saa tano, na kishikwambi changu kitasema bado, zimepita siku 7 tu. Namrudisha. Wiki ya 13 anakuja tunamchanja. Wiki ya 14 meseji inamwita tena!

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Umeitwa mara mbili kwa uongo. Mtoto akifikisha miezi 9, meseji ya surua ikiingia utaisoma? Mimi nisingeisoma. Na surua haina huruma na mtoto ambaye hajachanjwa.

Hata hiyo miezi 9 yenyewe ina vituko. Mtu mmoja ameandika kwenye programu yake kwamba mwezi ni siku 30, kwa hiyo miezi 9 ni siku 270. Mwingine amefuata kalenda, ambapo miezi 9 huwa siku 273 mpaka 276. Wa kwanza anamwita mama siku chache mapema, wa pili anakataa kumpokea. Utasema siku tatu si kitu. Kituoni ni kitu. Chupa ya surua rubela tunayotumia ina dozi 10, ukishaichanganya lazima itumike ndani ya saa 6, kinachobaki unamwaga. Vituo vingi vidogo vinapanga siku maalumu ya surua ili watoto wafike wengi. Ukirudishwa leo, siku inayofuata inaweza kuwa wiki ijayo.

Haya sasa, ubongo mmoja unafanyaje kazi kwa vyombo vingi? Unaujua tayari, unautumia kila siku. Pesa ya simu. Ukibonyeza namba kwenye kitochi, ukifungua aplikesheni, ukienda kwa wakala, salio ni lilelile. Ukiwa na elfu kumi huwezi kutuma elfu kumi na tano kwa njia yoyote kati ya hizo (mambo ya kukopeshwa na mtandao tuyaache, hayo nayo yana kanuni zake na yanakatwa kote vilevile). Kitochi hakina hesabu yake na wakala hana hesabu yake. Wote wanauliza sehemu moja. Ungekubali kweli salio la kwenye kitochi liwe tofauti na la kwenye aplikesheni? Ungeandamana. Mbona tunakubali kwenye chanjo ya mtoto?

Kwa watengenezaji wa programu hili si jambo geni. Wanatenganisha kanuni za kazi na uso wa programu, yaani kile unachokiona na kukibonyeza. Kanuni ya chanjo inapewa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, chanjo alizopata na tarehe zake, na leo ni tarehe ngapi. Inarudisha jibu: muda umefika, bado, au amechelewa, na tarehe inayofuata ni ipi. Haijui kama inajibu kishikwambi au meseji, haijui rangi wala lugha. Uso ndio unajua namna ya kuongea na mtu. Jibu hilohilo moja, kwangu linatokea "Penta 2, siku 28 zimetimia", kwako linatokea "Mama, mtoto anatakiwa chanjo ya pili ya paja, njoo kliniki Jumanne", na kwa bibi asiyesoma linaweza kuwa sauti kwenye simu. Nyuso zitofautiane zitakavyo. Wengine mnaikumbuka kampeni ya Wazazi Nipendeni ya mwaka 2012, unatuma neno MTOTO kwenda 15001 unaanza kupata meseji bure, hata kwenye simu ya tochi. Uso rahisi kabisa, na mama wengi waliupenda kwa sababu uliongea lugha yao. Hilo la lugha lisiguswe. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni hesabu iliyo nyuma yake.

Niliwahi kuwekwa kwenye kundi la manesi wachache waliokaa na vijana wanaotengeneza mfumo. Kazi yetu ilikuwa kuwatungia watoto wa kubuni. Mtoto aliyekuja wiki ya 9. Mtoto aliyehamia kutoka mkoa mwingine bila kadi. Mapacha, mmoja alilazwa akakosa chanjo, mwenzake akapata. Na mmoja niliyempenda mimi: mtoto aliyezaliwa 31 Mei. Miezi 9 yake inafika lini? Tarehe 31 Februari, haipo! Kompyuta moja ikasema 28 Februari, nyingine ikasema 3 Machi. Vijana wakaangaliana. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kanuni isiachwe kwa kila mtu aandike ya kwake: swali kama hilo mtu wa afya anatakiwa alijibu mara moja, liandikwe, kisha kila chombo kitoe jibu hilohilo kwa mtoto yuleyule. Kisipotoa, hakiendi kwa mama.

Kuna sababu nyingine kubwa, nayo ni kwamba kanuni za afya zinabadilika. Mwenye binti anisikilize hapa. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilikuwa dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Badiliko zuri, sindano imepungua moja na mabinti wengi zaidi wanafikiwa. Lakini piga picha kila mahali palipoandikwa "dozi mbili": vipeperushi, kadi, vishikwambi, meseji, aplikesheni, tovuti. Kanuni ikiwa mahali pamoja, inabadilishwa asubuhi na jioni vyombo vyote vinasema moja. Ikiwa imetawanyika, kila mmoja atabadilisha kwa wakati wake, na mwenye aplikesheni aliyeacha biashara hatabadilisha kamwe. Mama anabaki anamuuliza mwalimu wa binti yake, "dozi ya pili lini?", na asipopewa jibu anadhani mtoto kapunjwa.

Hata kliniki ya wajawazito ni hivyo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio yaongezwe kutoka manne hadi manane. Pekua aplikesheni za ujauzito ulizonazo. Utakuta nyingine bado zinakwambia manne yanatosha.

Shirika hilohilo liliona tatizo. Mwongozo unatoka Geneva kama kitabu kinene, kila nchi inausoma, kila kampuni inauandika upya kwenye programu yake, na kila mkono unaopita unapotosha kidogo. Mwaka 2021 wakatoa utaratibu wanaouita Miongozo ya SMART: mwongozo uleule wa kitabu unaandaliwa hatua kwa hatua mpaka unakuwa kanuni ambayo kompyuta inaweza kuisoma moja kwa moja, na nchi inaurekebisha kulingana na ratiba yake. Walianza na huduma za wajawazito. Mimi nasema huo ndio mwelekeo, na sisi tunaovaa magauni meupe tusiwaachie watu wa kompyuta peke yao.

Najua mtaniuliza, maana mmoja ameshaniuliza inboksi: "Nesi, ubongo ukiwa mmoja na ukakosea, si wote tutakosea?" Ni kweli, na ndiyo hofu ya maana kuliko zote. Kosa moja litafika kila kituo siku hiyohiyo. Lakini nikichagua, nachagua kosa moja linaloonekana na watu elfu, likapigiwa kelele, likarekebishwa mara moja, kuliko makosa madogo ishirini yaliyojificha kwenye simu ishirini, kila mama akidhani ni yeye aliyeelewa vibaya. Sharti langu ni moja: kanuni hiyo iwe wazi, manesi na madaktari waweze kuisoma kwa lugha ya kawaida. Ikifichwa ndani ya kampuni moja kama siri ya biashara, hapo siko nao.

Na mtandao ukikata? Kwetu mtandao unakata, umeme unakata, tusidanganyane. Basi kishikwambi kibebe nakala ya kanuni kiendelee kufanya kazi, mtandao ukirudi kiulize kama kuna mpya. Na kionyeshe hiyo nakala ni ya lini, kama pakiti ya maziwa inavyoonyesha tarehe. Nikiona kanuni ya miaka miwili nyuma najua nisiiamini.

Pia mashine isinifunge mikono. Mama ametoka kijiji cha mbali, mtoto amebakiza siku mbili, na najua hatarudi mwezi huu. Kanuni iniambie "bado", iniambie na kwa nini, kisha uamuzi nifanye mimi na mganga mfawidhi, niandike sababu. Mfumo ambao unakataa tu bila kunieleza, nao siutaki.

Wewe kama mama utafanya nini wakati wakubwa wanajipanga? Mambo machache tu. Ukifungua aplikesheni ya ujauzito au ya mtoto, angalia kama imeandika ratiba inayoifuata ni ya nchi gani. Nyingi zinafuata ratiba ya Marekani au Uingereza, ambazo si zetu, utaona chanjo hatuna na utakosa tulizonazo. Ikiuliza tarehe, soma vizuri inauliza hedhi au kutungwa kwa mimba. Kama mtoto alichelewa chanjo hata moja, usifuate tena meseji ya wiki, fuata tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kadi. Daktari akibadilisha tarehe yako ya matarajio baada ya ultrasaundi, ingia kwenye simu uibadilishe mwenyewe, usisubiri. Na ukipata tarehe mbili zinazopingana, usichague iliyokufurahisha (najua mnafanya, nawaona), leta zote mbili dirishani.

Na ukileta, nesi asikufokee kwamba "mambo ya mitandao hayo". Mwombe aandike kwenye daftari la maoni ni chombo gani kimetoa tarehe ipi. Kwetu tumeanza kufanya hivyo, na tukiwapelekea wenye mfumo karatasi yenye mifano kumi wanasikiliza kuliko tukiwaambia "mfumo wenu mbovu".

Wenye tarehe mbili au tatu sasa hivi, niandikieni inboksi: tarehe ya kuzaliwa, chanjo alizokwisha kupata na siku alizopata, na kila chombo kinasemaje. Jina la mtoto na namba ya kadi funika, na tafadhali msiweke picha ya kadi kwenye komenti. Nitazihesabu moja moja nikitoka zamu ya usiku Alhamisi. Sehemu ya 8 ni dawa za homa za maji: kijiko cha jikoni, kipimo cha kwenye kasha, na kwa nini chupa mbili zinazofanana zinaweza kuwa na nguvu tofauti.